Nyumba ya Natalia Uwanjani Mbulu

Siku ya maonyesho Natalia aliteremka kutoka kijijini kwake Tumati asubuhi na mapema, akapanga foleni pamoja na watu wengine kwenda kuitazama nyumba yake.

Enzi hizo za Mwingereza, mzungu mmoja mpenda vitu vya kale aliipenda jinsi ilivyochimbwa ubavuni mwa kilima, na paa lake la udongo ambalo mbuzi hupanda bila kujua wamepanda nyumba. Akatuma watu wakaing'oa, mti mmoja mmoja, wakaisimamisha upya mjini Mbulu, ili wageni waone Wairaqw wa zamani waliishije. Natalia, aliyekuwa bado anaishi hivyohivyo, alihamia na watoto wake jikoni kwa shemeji. Leo amekuja kuidai.

Ndani, kwenye jiwe la kusagia, alimkuta mama mkwe wake, aliyekufa mwaka ule wa nzige. Alikuwa anasaga mtama. Mama wa Kizungu mwenye kofia alimpiga picha, akapita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa. Na hapo ulipokanyaga ndipo walipopafanya pa ng'ombe. Wamegeuza kila kitu."

"Wamejenga wao, mama."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Kufa hakukumpunguzia mama yule neno hata moja.

Natalia akamwendea Halfani, karani wa mlangoni, mtoto wa wenye duka wa Dongobesh.

"Mwanangu, nirudishieni nyumba. Watoto wanakohoa moshi wa watu."

Halfani akaenda kwa yule mzungu wa vitu vya kale, akarudi.

"Haiwezekani, mama. Anasema nyumba ina mwenyewe ndani."

"Yule ni mkwe wangu. Amekufa!"

"Anajua. Amefurahi kweli. Anasema huyo ndiye wa zamani hasa, tena hali chakula. Wewe bado."

"Bado nini?"

Halfani alikuna kichwa. "Bado kufa, mama."

Jioni wageni walipoanza kutoka, sauti ikaita kutoka ndani: "Natalia! Maji!" Mkwe akiita, huulizi yu hai au la. Natalia akateka maji mtoni, akayaingiza, akafukia moto majivuni. Halfani akamwomba atoke, kwa adabu zote, akafunga kufuli.

Ndani, mama mkwe alisikika akinung'unika kwamba nyumba yote hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja.