Posa ya Msandali

Jana usiku, sijui nilikula nini, niliota nimekwenda kumposea msandali mke. Mimi ni somo wa maharusi, nawafunda na kuwapamba, kwa hiyo sikuona ajabu. Bwana msandali kabaki peke yake mlimani Taita, na binti pekee aliyesalia yuko ng'ambo ya bonde. Wenzao wamechimbwa pamoja na mizizi yao. Binti akikataa, ukoo ndio umekwisha.

Mshenga ni nondo, hawa wa kawaida wanaozunguka taa. Kavaa kanzu ina matundu. Kaila mwenyewe njiani.

"Ndugu wa mwanamume wako wapi?" namuuliza. "Posa haiendi na mtu mmoja."

"Hana ndugu, somo. Nimemwazima wangu."

Bonde likajaa nondo.

"Wote hawa ni wenu?"

"Wote. Majina siyajui."

Mara mlima ukawa sebule yangu ya Kibokoni, na binti msandali kakaa mkekani, matawi yanagusa dari. Nikamsogezea sinia kama ilivyo ada: udi, asumini, na kibakuli cha liwa, sandali ile ya kumsinga bi harusi mwili anukie, niliyoisaga kwa mkono wangu.

Binti akainama, akanusa.

"Huyu ni Salha," akasema. "Dada yangu mkubwa. Tulikuwa tukimtafuta."

Nilitamani ardhi ipasuke. Bwana msandali, aliyesimama mlangoni, alitazama chini, jani moja likamdondoka. Nikajua posa imevunjika, na mvunjaji ni mimi na adabu zangu.

Nondo akatua begani kwa binti.

"Mimi nikifiwa sijui hata nani kafa, tuko wengi mno. Wewe dada yako unamjua hata akisagwa. Nakuonea wivu, mwanangu."

Binti akalia utomvu. Nami nikalia.

"Nitaolewa," akasema mwishowe. "Lakini Salha hajakaliwa matanga. Na sisi hatuna watu wa kukaa."

"Watu ninao," akasema nondo.

Nikaamka, jua limeshatoka. Mezani ipo liwa niliyomsagia mpwa wangu Mwanakombo, anayeolewa kesho. Nondo wamekizunguka kibakuli, wamekunja mabawa.

Simu ikalia. "Shangazi, nije nisingwe?"

Nilimpenda sana wakati ule, sauti yake imejaa harusi.

"Njoo, mwanangu," nikamwambia. "Lakini utaoga sabuni. Huku kwangu kuna matanga."