Kioo Kisichotajwa

Nchi ya Kimemeta ilikaa katika bonde pana lililong'aa mchana kutwa, si kwa jua peke yake bali kwa vioo, maana kila mwenyeji, tangu muuza vitunguu hadi kadhi, alitembea na kioo kidogo mkononi na humo akaweka siri zake, mapenzi yake na matusi yake. Kioo kisipoguswa kililala kikawa cheusi. Kikiamshwa kilionyesha komeo tu, na komeo halikulegea ila kwa kidole cha mwenyewe. Kilimani waliketi Wakesha, watawala walionenepa kwa kuchungulia ya wengine, na juu yao Mkesha Mkuu, aliyesemekana hajafumba jicho tangu atawazwe. Kioo chake, kipana kama mlango, kilitundikwa barazani, na ilikuwa mwiko kukitaja katika amri yoyote, kwani kukitaja sambamba na vya raia, hata kwa kukitenga, kulihesabiwa kukifananisha navyo.

Siwatu, fundi mkuu wa amri za vioo, aliipenda kazi yake kama mpishi apendavyo harufu ya jiko lake. Amri zake ziliamsha vioo vya wakunga uchungu ulipowashika wazazi, na vya wakulima mvua ilipokaribia. Ujumbe ukasomeka juu ya komeo, na komeo likabaki limefungwa. Kwake huo ndio uliokuwa ustaarabu: kumwamsha mtu ni jambo moja, kuingia chumbani mwake ni jingine.

Sikukuu ya Kukesha ilipokaribia, Waziri Kidomo akamletea agizo. Baragumu likilia, kila kioo nchini kiamke, uso wa Mkesha Mkuu utokeze, komeo lianguke, na kisilale tena mpaka kiamriwe. Siwatu akajibu kwamba kuamsha ataamsha, ila komeo waliache. Waziri akacheka, akamkumbusha kwamba mafundi ni wengi na gereza halijajaa.

Siwatu akamfikiria dada yake, Mwanahamisi, aliyejaza kioo chake mashairi ya kuwakejeli Wakesha, ubeti mmoja ukitosha kumpoteza. Akikataa, fundi mwingine ataandika.

"Kila kioo, Bwana Waziri?"

"Kila kioo. Mkesha Mkuu habagui."

"Hakuna cha kutengwa?"

Waziri akamkazia macho. "Kipi hicho? Hebu kitaje."

"Sina cha kutaja, bwana wangu," akasema Siwatu kwa adabu, akaketi kuandika.

Siku ikafika, uwanja ukafurika, baragumu likalia. Vioo vikaamka mikononi, makomeo yakaanguka, na pale barazani, juu ya uwanja, kile kipana nacho kikaamka, komeo lake likaanguka vilevile. Humo raia wakaona siri zake: Mkesha wao amelala chali, mdomo wazi, mchana kweupe, huku mpepeaji akimfukuza nzi; kisha wakaona hati za kuwauzia wageni mto wa bonde lao, muhuri juu ya muhuri. Wakesha waliowekwa kusoma siri za watu hawakusoma hata moja, kwani macho yao yaliganda ukutani.

Wakakifunika kile kioo kwa zulia, mwanga ukapenya nyuzi. Waziri Kidomo akamshukia Siwatu, kilemba upande.

"Kilaze, binti."

"Nitakilaza sasa hivi. Niandike kioo cha nani?"

Waziri akaukumbuka mwiko, akamgeukia bwana wake. Mkesha Mkuu akatazama zulia lililong'aa, kisha akatazama umati.

Uwanjani watu walianza kutandika mikeka. Muuza kashata akapita akiita, na Mwanahamisi, kioo chake wazi mapajani, akamsogezea dada yake nafasi. Siwatu akaketi, akanyoosha miguu, akamega kashata, kalamu ikiwa sikioni, akingoja kuambiwa. Wengine husema aliambiwa jioni ile. Wengine husema angali anangoja, na kwamba kilimani hakuna tena anayepata usingizi.