Joto Chini ya Sakafu ya Gasore

Nyiramana alipozikwa, jiko lake halikuwashwa tena. Mumewe, mzee Gasore, alikula kwa majirani, na nyumba yao ya udongo kando ya kinamasi cha ziwa, kule chini katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ikabaki bila moto. Hata hivyo, wiki ya sita baada ya msiba, sakafu ya pale marehemu alipokuwa akipikia ilianza kupata joto.

Gasore alimwita Mukarukundo, jirani yake aliyefundisha fizikia sekondari. Mwalimu huyo alimkuta mzee amevua viatu, amesimama palepale, anatabasamu.

"Mwalimu, kanyaga hapa. Fasi hii iko na moto. Bibi yangu hajaenda. Angali anapika."

Mukarukundo aliweka kiganja chini. Joto lilikuwa laini, la kudumu, kama la shavu la mgonjwa wa homa. Hapakuwa na kaa wala jivu.

Kwa siku tano alipima kwa kipimajoto cha shule, asubuhi kabla ya vipindi. Nyuzi thelathini na nane. Arobaini na moja. Arobaini na sita. Kila mwaka aliwafundisha wanafunzi kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika sura tu. Sasa joto hili lilitoka wapi? Watu wa kanisa walikuja kuomba, wakatoka kabla ya amina. Mmoja alisema sakafu inapumua. Kuku walikataa kuvuka kizingiti.

Jumamosi alipanda gari kutoka kituo cha Rwekubo hadi mjini Mbarara, kwa Naboth, fundi wa maabara aliyestaafu, ambaye sasa alitengeneza mizani kibandani mwake mtaa wa Kakoba. Naboth alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaweka bisibisi chini.

"Mwalimu, wewe napima nini?"

"Nyumba."

"Nyumba si chupa ya kizibo. Hiyo sheria nashika kama hakuna kitu naingia, hakuna kitu natoka. Wewe umechora mpaka kidogo sana. Chora kubwa. Halafu uliza: kama joto naongezeka, kitu gani napungua?"

Swali hilo lilimkaa kichwani njia nzima ya kurudi. Walipopita Masha aliona shamba lililochomwa, jeusi tii, akakumbuka. Kabla ya msiba, wakulima walikuwa wamechoma mafunjo kule kinamasini ili wapate pa kulima.

Alipofika kwa Gasore alifunga uzi kutoka ukuta hadi ukuta, ukigusa sakafu pande zote mbili. Katikati, kati ya uzi na sakafu, mkono wake ulipita mzima. Kilichokuwa kikipungua ni ardhi yenyewe. Chini yao mizizi ya mafunjo, iliyooza na kulundikana miaka na miaka, ilikuwa ikiungua polepole bila mwali, ikigeuka hewa yenye sumu na kwenda zake.

"Mzee, ukiamka kichwa kinauma?"

"Mingi sana. Wiki mbili sasa."

"Tutoke. Sasa hivi."

Gasore alishika mlango. "Unataka nimuache mara ya pili?"

Mukarukundo alimshika mkono. Alimvuta kwa nguvu zote. Walikuwa hatua chache tu uani waliposikia nyumba ikishusha pumzi. Sakafu ilizama. Kitanda kilizama nayo. Palipokuwa na jiko pakabaki shimo jekundu, kimya kabisa.

Majirani walichimba mtaro kuuzuia moto, wakaumwagia maji ya ziwa siku tatu. Gasore alihamia mlimani kwa mpwa wake, na kwa muda mrefu hakumsalimu mwalimu. Siku moja, baada ya ibada, alimsogelea.

"Ile joto, iko wapi sasa?"

"Imetawanyika hewani, mzee. Haijapotea."

"Na moto umekufa?"

Mukarukundo alitaka kusema ndiyo. Lakini kutoka pale kanisani kinamasi kilionekana chote, na mbali na mtaro, mahali ambapo hakuna mtu aliyewasha kitu, uzi mwembamba wa moshi ulikuwa ukipanda kutoka ardhini. Akaanza kuhesabu nyumba zilizokuwa katikati ya mtaro na ule moshi.