Aiskrimu Isiyotiwa Sukari

Mwaka ule watu wa mjini walipanga foleni ya sukari tangu alfajiri, na nyumba ya Bi Ruqaya pale Mkunazini labda ndiyo peke yake iliyoomba sukari isivuke kizingiti. Mwenye kuomba hakuwa Bi Ruqaya mwenyewe. Alikuwa binti yake, Kulthum, mjane wa miaka thelathini na sita, mwalimu wa upishi katika skuli ya wasichana.

Bi Ruqaya alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kidonda kilimtoka kidoleni, mguu wa kushoto, mwanzo kidogo kama punje ya mtama, kisha kikala, kikahamia kidole cha pili. Daktari alimwambia Kulthum bila ya kuzunguka: "Wali, mkate, muhogo, halua, vyote basi. Mpe samaki, mayai, maziwa. Sukari isiposhuka kwa wiki mbili, tutakata. Na huenda tusikate vidole tu."

Bi Ruqaya aliyasikia yote hayo, akarudi nyumbani, akagoma. Mayai ya kuchemsha aliyasukuma. Samaki alimla siku mbili, ya tatu akasema ananuka. Akitakacho ni aiskrimu, ile aliyokuwa akiwatengezea wageni wa Idi zamani, nyumba ilipokuwa na wageni.

"Nipe aiskrimu, mwanangu, na huyo samaki wako nitamla."

Kulthum aliliwaza jambo hilo siku nzima, huku akiwafundisha wasichana kukanda unga. Kesho yake alasiri akapita sokoni Darajani, akarudi na maparachichi matatu yaliyoiva, kipande cha stafeli cha kutia harufu tu, ndimu na mayai. Mtindi aliutundika ndani ya kitambaa cha bafta tangu asubuhi, maji yakadondoka yote, ukabaki mzito kama jibini. Viini vya mayai alivipika na maziwa kwa moto mdogo mpaka vikashika kijiko. Ute aliupiga kwa uma mpaka ukasimama wenyewe, mkono ukamuuma. Akaponda parachichi, akachanganya vyote, akatia iliki na chembe ya chumvi. Sukari hakutia hata kidogo.

Halafu ikashushwa mashine ya zamani ya aiskrimu: ndoo ya mbao, ndani yake mkebe wa bati, juu yake mkono wa kuzungushia. Barafu aliileta mdogo wake, Hashil, aliyekuwa karani bandarini. Aliivunja kwa nyundo, akaipanga kuzunguka mkebe pamoja na chumvi ya mawe, akakaa kitako akizungusha.

"Nenda kasali, dada," alisema. "Hii niachie mie."

Bi Ruqaya alikula bakuli zima. Alisema haina ladha, lakini alikula, na usiku akala samaki.

Kila asubuhi kabla ya skuli Kulthum alimpima mama yake mkojo, kama alivyoelekezwa hospitali: matone machache ndani ya dawa ya buluu, kichupa cha kioo juu ya moto wa stovu. Ikibaki buluu, salama. Ikigeuka kijani, sukari ipo kidogo. Ikiwa nyekundu kama tofali, sukari imejaa. Siku ya kwanza ilikuwa kijani. Ya pili, kijani iliyofifia. Kulthum akaenda skuli akiimba kimoyomoyo.

Siku ya tano ikawa nyekundu. Ya sita nyekundu. Ya saba ilikuwa nyekundu hata kabla hajahesabu kumi.

Kulthum alipekua chini ya godoro la mama yake, ndani ya kasha, nyuma ya mitungi. Alikwenda kwa jirani, Bi Tabia, akamuuliza kwa ukali kama anampa mama yake halua, Bi Tabia akaapa kwa Mola wake na machozi yakamtoka. Alidhani dawa imeharibika, akajipima mwenyewe: buluu, safi kama bahari ya Jambiani. Na kidonda kilikuwa kimeanza kutoa harufu.

Alasiri ile Hashil alizungusha kama kawaida, Kulthum akaenda kusali. Alipomaliza alimpelekea mama yake bakuli, akarudi uani kuosha vyombo. Siku zote hakuwahi kuionja ikishaganda, maana ilikuwa ya kumtosha mgonjwa tu. Safari hii, kwa uchovu, alipitisha kidole kwenye ubao wa kukorogea wa ndani ya mkebe akakitia mdomoni.

Ilikuwa tamu kama shira.

Alisimama pale, kidole bado kiko mdomoni. Kisha akapanda ngazi mbili mbili. Hashil alikuwa ameketi kitandani miguuni mwa mama, akicheka naye.

"Umetia nini?"

"Wapi, dada?"

"Usinifanye mjinga, Hashil! Ndani ya mkebe umetia nini?"

Hashil alitazama chini. Mfuko wake wa kanzu ulikuwa umetuna, Kulthum akautia mkono bila ya kuomba, akatoa kichupa cha shira ya sukari kilichobaki nusu.

"Mwache," alisema Bi Ruqaya. "Mie ndiye niliyemtuma."

Kulthum alimgeukia. Hakuwahi maishani mwake kumpandishia mama yake sauti.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nshachoka kuambiwa niache! Shamba niache, nkaacha. Ile nyumba ya pili niache, nkaacha. Ndugu zangu wote wameshakwenda zao Maskati, nkawaacha. Na utamu wa ulimi nao niuache? Nife na nini, Kulthum? Nife na mayai?"

"Hufi, mama! Ungekuwa unakufa ningekupikia halua kwa mkono wangu. Unakatwa mguu! Na ukishakatwa, nani atakubeba chooni? Huyu? Huyu anayekuja alasiri, anazungusha mkono wa mashine, anaombewa dua, anakwenda zake kucheza karata? Ni mie! Nnasimama foleni ya maziwa, nnapiga mayai mpaka bega linawaka, nnakupima, nnakuosha, kisha nyie wawili mnanicheka!"

"Hakuna aliyekucheka, dada. Nilimwonea huruma tu."

"Huruma!"

Alilichukua lile bakuli mikononi mwa mama yake, akalimwaga dirishani. Chakula, neema ya Mungu, alikimwaga njiani. Bi Ruqaya alisema, "Astaghfirullah," kwa sauti ndogo. Kulthum alileta beseni la maji ya moto na bendeji safi, akaliweka mbele ya Hashil.

"Mfungue. Leo unamuosha wewe."

Hashil hakuwahi kukiona kidonda. Kila Kulthum alipokifungua, yeye alikuwa na pa kwenda. Sasa alifungua, mkunjo baada ya mkunjo, na harufu ikamjia, na alipofika kwenye kidole cha pili akaona kitu cheupe ambacho hakikuwa nyama. Alitoka mbio akatapika ngazini. Kulthum alimngoja. Akamrudisha, akamkalisha pale pale.

"Maliza."

Alimaliza huku akilia kama mtoto. Bi Ruqaya, ambaye siku zote alikuwa akijifunika mtandio usoni wakati wa kuoshwa, leo alitazama. Hakugeuza uso mpaka bendeji mpya ilipofungwa.

Vidole viwili vilikatwa Jumatatu iliyofuata. Daktari alisema wangechelewa wiki moja, ungekwenda mguu. Hashil alimbeba mama mgongoni mpaka hospitali na kumrudisha, na mtaa mzima ulimsifu, mtoto wa kiume ndiye huyo. Kulthum aliyasikia haya akiwa kisimani na ndoo yake, akakaza meno. Hakusema na ndugu yake mpaka mwezi ukapinduka, na aliposema naye, alimwambia maneno matatu tu: "Leta barafu kesho."

Barafu ilipokuja, Kulthum alikwenda kumwomba radhi mama yake kwa kumpandishia sauti na kwa kumwaga chakula. Lakini maneno yenyewe hayakumtoka, akamwekea bakuli tu mbele yake, na Bi Ruqaya hakumdai.

"Radhi nshakupa," alisema mama, akichota aiskrimu isiyo na sukari kwa ncha ya kijiko. Alimeza, uso ukakunjamana. "Lakini dude hili, wallahi, ni adhabu ya kaburi."

"Kula," alisema Kulthum.

Bi Ruqaya akala.