Sanduku la Spana za Mkwe

Umewahi kumnunulia zawadi mtu ambaye hata kumwangalia usoni unaona haya? Mimi nimewahi, tena juzi tu pale Makindu, na mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu nikichagua ndengu.

Mtu huyo ni Munyao, bwana wa binti yangu Nthenya. Ni dereva wa lori, lakini akiwa nyumbani hatulii. Amejenga gereji ndogo ya mabati ubavuni mwa nyumba, na humo anafungua na kufunga pikipiki za majirani, pampu za maji, hata cherehani. Mkono wake ni mzuri. Shida ni kupanga. Spana ziko kwenye karai, bisibisi ziko kwenye mkebe wa rangi, nyundo ukiitafuta utaikuta chini ya kochi. Siku moja Nthenya alikuwa akipakulia wageni wa kanisa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na soketi ya kufungulia nati za lori ikatoka pamoja na maharagwe, ikalia ngwe! kwenye sahani ya mama mchungaji.

Munyao huyo huyo ndiye alikuja kwangu Kanyangi akaniwekea tangi na mifereji ya mvua, akaondoka kabla sijamaliza kushukuru. Nikasema moyoni, ndengu zangu zikishika shambani, huyu nitamnunulia kitu cha kuwekea spana zake. Na zikashika kweli.

Sasa, kwetu Ukambani kuna mambo ya uthoni. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, na wakiwa na neno, linapitia kwa mtu mwingine. Sisi tumeokoka, na mchungaji ametuambia tulegeze kidogo, lakini mwili umezoea. Tena zawadi ya mama mkwe hairudishwi dukani wala hailalamikiwi. Ukipewa, umepewa. Kwa hivyo nilijua nikikosea, Munyao ataishi na kosa langu maisha yake yote, na atanyamaza.

Tulienda mimi, Nthenya na Munyao duka la Nasima, mama mmoja Mswahili, mcheshi, wa kutoka Mwingi, anayeuza vifaa vya ujenzi. Alikuwa na masanduku ya aina mbili. La bei rahisi lilikuwa la plastiki nyeusi, kifuniko cha manjano, ndani trei moja ya misumari. La bei ghali lilikuwa la chuma, jekundu kama nyanya iliyoiva, lina magurudumu, kufuli, na droo zinazoteleza juu ya gololi. Ukisukuma droo kwa kidole, inaenda yenyewe, inafunga taratibu, shhh. Bei yake ilinifanya niombe kiti.

Munyao alikuwa amesimama kule kwenye kamba na nyaya, ametupa mgongo.

"Mwaitu anauliza unataka lipi," Nthenya akamwambia, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita mama.

"Mwambie lolote atakaloona ni sawa."

"Mama, anasema lolote."

"Lolote si jibu," nikasema. "Mwambie achague."

"Basi mwambie lile la plastiki linatosha. Asijisumbue."

Nje lori likaanza kupiga honi. Nthenya alikuwa ameegesha gari vibaya, akakimbia kulitoa. Tukabaki mimi, mkwe wangu na Nasima.

"Nasima," nikasema, "mwambie mkwe wangu nilimwona tulipoingia, vile alivyokuwa akifungua ile droo ya juu ya lile jekundu na kuifunga, na kuifungua tena."

Nasima akaniangalia, akamwangalia. "Shosho, si amekusikia? Yuko hapa tu."

"Najua amesikia. Mwambie."

"Haya. Munyao, umeonekana na droo."

"Mwambie nilikuwa naangalia kama imepakwa grisi."

"Shosho, alikuwa anaangalia grisi. Wallahi nyinyi! Kwetu mama mkwe angekuwa ameshamvuta sikio."

Nasima akalitoa la plastiki, akaliweka mezani, akaanza kulifunga kamba. Likishatoka mlango ule, basi.

"Hebu niambie ukweli," nikamuuliza. "Hili litabeba spana za lori?"

"Ukweli? Hili ni zuri kwa mtu wa nyundo moja na bisibisi za kukaza bawaba. Ukijaza spana za lori, utainua mshikio, na sanduku libaki chini."

"Mwambie nitazigawa," Munyao akaziambia zile kamba. "Nyingine zitakaa kwa karai."

"Karai!" nikapiga kelele, na nikasahau kabisa kupitia kwa Nasima. Nikafunika mdomo kwa leso. Nasima alikuwa ameinama nyuma ya meza, mabega yanatingishika kwa kicheko.

Nikajituliza. Mimi ni mtu wa kungoja, hata jogoo wangu anajua.

"Nasima, weka hiyo kamba chini. Mwambie huyu mtoto wa watu sikutoka Kanyangi kutafuta heshima, heshima ananipa hata inazidi. Nimekuja kununua kitu ambacho kila asubuhi akikifungua atafurahi. Na mwambie mimi siwezi kusoma mgongo wa mtu."

"Hayo ni marefu sana," Nasima akasema, akifuta machozi. "Mimi si simu. Ongeeni wenyewe." Akaingia stoo na kuvuta pazia.

Nikaangalia sakafu, nikaona viatu vya Munyao vikigeuka polepole, kimoja, halafu kingine. Hakuja karibu. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua, akakohoa kama mtu anayetaka kuomba mbele ya kanisa.

"Mwaitu," akasema. Aliniambia mimi, si Nthenya, si Nasima.

"Naam, mwanangu."

"Nataka lile jekundu. Nimelitaka tangu liletwe. Kila nikipita hapa na lori, ninapunguza mwendo nilione."