Mama Alikuwa Anasalimu Tu

"Si huyu ni mama yako?" Madam Nakuleu aliuliza, akaigeuza tableti juu ya meza ili Abei aone.

Abei aliinama. Ni yeye kweli, amesimama kando ya bomba la kijiji chao, Natelemoi, shanga zimempanda shingoni mpaka kidevuni, jua likimpiga usoni. Sauti ya kijana asiyeonekana ikauliza, "Ejoka, mama?" Mama akatabasamu. "Ejok. Ejok nooi!" Hapo hapo muziki ukaingia, na maandishi makubwa yakapita chini ya miguu yake: NATELEMOI WASHUKURU KWA MAJI.

"Umemsikia mwenyewe. Amesema mambo ni mazuri sana. Sasa wewe unatoka Kakuma mpaka hapa Lodwar kuniambia bomba limekufa."

"Lakini Madam, hiyo ni salamu."

"Najua ni salamu. Mimi pia ni Mturkana, ama unadhani nimezaliwa Nairobi?"

 Madam angekuwa mtu wa kutoka mbali, Abei angemweleza pole pole kwamba ukiulizwa ejoka unajibu ejok, na ni lazima ujibu. Hata mtu aliyeumwa na nge atasema ejok kwanza, ndipo alie kuhusu mguu wake. Hata kwenye msiba watu huanza hivyo. Shida huja baada ya salamu, na haina haraka. Mama alimwambia kwamba siku ile naye alifuata njia hiyo hiyo: alisalimu, kisha akaanza kueleza kwamba bomba lina muda halijatoa hata tone. Kufika hapo, yule kijana alikuwa ameshaanza kukunja waya zake.

Lakini utamweleza nini mtu anayejua yote hayo kama wewe?

Kilichoungua ni kisanduku kile kinachopokea umeme wa sola na kuupeleka chini kwenye pampu. Kiliungua harufu yake ikafika kwenye maboma. Abei, aliyekuwa akiuza dukani kwa mama mmoja Msomali pale Kakuma, alikwenda ofisi ndogo ya maji, wakamwambia mambo hayo ni ya Lodwar. Akaja Lodwar, wakamwambia mwenye mambo hayo yuko semina. Akarudi tena. Leo amempata, na mwenye mambo hayo anamwonyesha sinema.

"Sikia, mdogo wangu," Madam Nakuleu akasema, sauti sasa imelainika. "Pesa za kutengeneza ni za miradi iliyoharibika. Wa kwenu haujaharibika."

"Umeharibika, Madam!"

"Kwenye kitabu haujaharibika." Akapiga kiganja juu ya rundo la vitabu vipya vilivyonukia wino. Juu ya jalada kulikuwa na picha ya Mheshimiwa, mkono mmoja hewani, na maneno *Kazi Yetu Inaonekana*. Barabara, zahanati, madarasa, visima. Kila alichokifanya tangu alipokalia kile kiti, na alikikalia Abei akiwa bado mtoto wa shule anayebeba kijiti cha kuandikia mchangani. "Kimeshachapishwa. Kesho kinazinduliwa. Unataka nichukue kalamu nifute ukurasa mmoja mmoja?"

Abei hakutaka kufuta kitu. Alitaka kisanduku. Mama yake alikuwa ameapa kwamba mwezi huu ukifa bila maji atawaswaga mbuzi kuelekea milima ya Uganda, yeye na goti lake lililovimba, peke yake, maana wenye nguvu walikwishatangulia. Vibuyu alikuwa ameshavifunga kwa kamba. Watu walikwenda kule wakarudi, na wengine hawakurudi, na hakuna aliyejua ni risasi au ni kiu.

"Lakini umekuja wakati mzuri," Madam Nakuleu akaendelea. "Kesho tunaita watu wa visima jukwaani. Utapanda kwa niaba ya mama. Msalimie Mheshimiwa vizuri, acheke, apigwe picha. Halafu mimi mwenyewe nitamnong'oneza habari ya kisanduku chenu. Sawa?"

"Sawa, Madam," Abei akasema, kwa sababu alikuwa ametoka mbali.

Jioni ile alilala kwa Nasteho, mdogo wake Hoodo, yule mama Msomali mwenye duka la Kakuma. Hoodo mwenyewe alipiga simu kabla chai haijapoa.

"Abaayo, dada yangu, mimi nilikupa ruhusa ya siku moja, sikukupa ruhusa ya kuwa mwanasiasa! Nani ananipimia sukari hapa? Huyu mteja wetu Kon amenunua mchele, amenipimia mwenyewe, amejipa zaidi!"

"Kesho tu, mama Hoodo."

"Kesho, kesho. Hao watu wa ofisi ndiyo wamekufundisha hiyo kesho?"

Abei alicheka, akazima simu, na kicheko kikaishia pale pale.

Uwanjani asubuhi mahema yalikuwa meupe na viti vimevikwa vitambaa. Watu waliletwa kwa malori, kila lori na rangi ya fulana yake. Mheshimiwa alizungumza mpaka kivuli cha mahema kikahama na kuwaacha wazee wa mstari wa mbele juani. Alitaja barabara. Alitaja zahanati, akataja na mtoto aliyezaliwa humo akapewa jina lake. Kila akimaliza jambo moja aliinua kipaza sauti na kuita, "Ejoka?" Na uwanja mzima ukanguruma, "Ejok nooi!" Naye akageuka kwa wageni waliokaa nyuma yake, akafungua mikono kama mtu anayesema: mmesikia wenyewe.

Abei aliitikia mara ya kwanza na ya pili. Mdomo ulijibu wenyewe. Mara ya tatu akamtazama mama mmoja kando yake, mwenye jerikeni tupu katikati ya miguu, akiitikia kwa nguvu kuliko wote. Bila shaka jerikeni hiyo alikuja nayo akitumaini kuijaza mjini. 

"Natelemoi!" akaita mshereheshaji.

Akapanda ngazi. Madam Nakuleu alimkonyeza: tabasamu. Mheshimiwa alinyoosha mkono, akamwekea kipaza sauti karibu na midomo.

"Ejoka, binti yangu?"

Abei akanyamaza.

Ni rahisi kuandika kwamba alinyamaza. Lakini kumnyima mtu mzima salamu, mbele ya watu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wako, si kitu kidogo. Ulimi ulimwasha. Miguu ilitaka kushuka yenyewe. Aliona uso wa Mheshimiwa ukisubiri, halafu ukishangaa, halafu, kwa muda mfupi sana, ukiwa uso wa mtu wa kawaida aliyeulizwa swali asilolijua. Na Abei akadhani sasa atauliza, *kuna nini?*

"Ana haya!" Mheshimiwa akacheka. "Msaidieni dada yenu! Ejoka?"

"EJOK NOOI!" uwanja ukamsaidia.

"Mama yangu alikuwa anasalimu tu!" Abei akasema kwa haraka, sauti ikimtoka nyembamba. "Bomba la Natelemoi limekufa, hakuna maji, ni…"

Mshereheshaji alishakinyakua kipaza sauti. "Asante sana, dada yetu wa Natelemoi! Makofi jamani! Di-jei, tupe kitu!"

Muziki ukapasuka. Aliposhuka, bibi mmoja wa mstari wa mbele alimtazama toka juu hadi chini, akatema mate pembeni. "Mtoto wa nani huyu, asiyeitikia salamu?"

Abei alipita katikati ya mahema akitafuta njia ya kutokea. Nyuma ya jenereta kijana mmoja alimkimbilia, redio ndogo ya kurekodia mkononi. Alijitambulisha kuwa ni Dieudonné, mtangazaji Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

"Dada, ngoja kidogo! Ile kijiji uliitaja, inaitwa namna gani? Natelemoi? Ni karibu na Kakuma, hein? Basi Jumamosi miye nakuja kuangalia na macho yangu."

Alikuwa bado anaandika jina hilo kwenye kiganja Madam Nakuleu alipotokea. Alimsubiri Dieudonné aondoke, kisha akamshika Abei kiwiko, akakibana.

"Umefurahi sasa?"

"Sijafurahi, Madam."

"Nilikwambia nitamnong'oneza. Kwa nini usingoje?"

"Nimengoja."

Madam Nakuleu aliachia kiwiko chake. Kwa karibu alionekana mchovu, poda imechirizika kwa jasho. "Huyo Mkongo amesema anakuja lini?"

"Jumamosi."

Akahesabu siku kimoyomoyo, akaenda zake bila kuaga.

Abei alirudi Kakuma kwenye lori la Suldan, mume wa Nasteho, lililobeba unga na magodoro. Suldan alikuwa ameshasikia habari. Alimtania njia nzima: kila walipokutana na lori jingine alipunguza mwendo, akachungulia dirishani, akamwambia dereva mwenzake, "Usimsalimie huyu dada, atakuaibisha!" Abei alitabasamu kwa adabu huku akitazama vichaka vikavu vikipita. Hakujua kama amelisogeza jambo lake mbele au amelizika kabisa.

Abei alipofika nyumbani Natelemoi, mama yake hakuuliza kuhusu kisanduku. Alisikiliza habari yote akiwa ameketi, mguu mbovu ameunyoosha, halafu akauliza kitu kimoja.

"Alikuuliza ejoka, ukamnyamazia?"

"Ndiyo, mama."

"Mtu mzima?"

"Mama, wamechukua salamu yako wameifanya ushahidi!"

"Hilo ni lao. Mimi nilimsalimu kijana kwa sababu alifika kwangu na jua. Akija tena nitamsalimu tena." Akageuka, akaendelea kukaza kamba za vibuyu. Abei akabaki na hasira zake mikononi, hana wa kumpa.

Ijumaa mchana gari jeupe lilikuja na vumbi lake. Madam Nakuleu alishuka na fundi aliyebeba kitu kilichofungwa kwa gunia.  Kisanduku ambacho kwa miezi mingi kilikuwa hakina pesa, hakina bajeti, hakina ukurasa, kilifungwa mahali pake kabla jua halijainama. Fundi akabonyeza. Kwanza bomba lilikohoa, likatema kutu, watu wakarudi nyuma. Halafu maji yakaja, mekundu, kisha meupe, kisha maji.

Mbuzi walisikia kabla ya watu. Walivunja uzio wa miiba wakaja kama mafuriko, watoto wakiwakimbilia na sufuria, bakuli, hata kofia. Mama alikuja akichechemea, akatumbukiza mikono miwili majini mpaka kwenye viwiko, akaiacha humo.

Abei alikwenda kukitazama kisanduku. Alitaka tu kukiona, kitu kidogo hivyo kilichomsumbua hivyo. Ubavuni mwa kisanduku mtu alikuwa amejaribu kukwangua rangi nyeupe, hakumaliza. Herufi zilisomeka: LOKURWAS.

Aliisoma mara mbili.

"Madam, Lokurwas ni wapi?"

Madam Nakuleu alikuwa akinawa uso bombani. Hakuinuka upesi. "Ni mbali. Kwa nini?"

"Kisanduku hiki ni chao?"

"Kilikuwa cha serikali, sasa kiko kwenu. Kunywa maji, Abei."

"Na wao wanakunywa nini?"

Madam Nakuleu alijifuta uso kwa ncha ya leso. Alijibu bila ukali, kama mtu anayemweleza mwenzake njia ya kupita.

"Kule tulishapiga picha."

Fundi alikuwa ameshawasha gari. Kabla ya kupanda, Madam akaongeza, "Kesho huyo Mkongo wako akija, mwambie ukweli. Maji yapo. Ukimwambia kingine, ofisi itauliza kisanduku kimetoka wapi, na itabidi kirudi kilikotoka. Mimi sikutishi. Nakwambia jinsi kazi yetu ilivyo."

Dieudonné alifika Jumamosi kwa pikipiki, midomo imekauka. Mama alimsalimu kabla hajashuka. Alimpa maji, akanywa, akasifu. Alirekodi mlio wa bomba, akarekodi mbuzi, akarekodi wanawake wakicheka. Kisha akamsogezea Abei redio yake, akavua kofia.

"Basi dada, nieleze. Kule Lodwar ulisema bomba imekufa. Leo niko naona maji. Iko namna gani?"

"Lilikuwa limekufa," Abei akasema. "Jana walikuja wakatengeneza."

"Jana! Kumbe wakitaka wanaweza." Akatikisa kichwa. "Na kuko kingine unataka kusema?"

Hakuwa na haraka. Aliushikilia mkono wenye redio pale pale, taa ndogo nyekundu ikiwaka, akasubiri, hata mbuzi mmoja alipokuja kutafuna kamba ya kiatu chake hakuusogeza. Abei alilisikia lile jina limemkaa juu ya ulimi, zito kama jiwe la kusagia. Alimwona mwanamke asiyemjua, mahali asipopajua, akiamka leo na kufungua bomba lake, akifunga, akifungua tena.

Nyuma ya Dieudonné, mama yake alikuwa ameketi chini kivulini, akivifungua vibuyu kutoka kwenye kamba, kimoja baada ya kingine, akivipanga ukutani.

"Hapana," Abei akasema. "Hakuna kingine."

Taa nyekundu ikazimika. Dieudonné akamshukuru, akasema habari itatoka kesho asubuhi, nzuri sana, watu wanapenda habari yenye mwisho mzuri. Abei alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Aliporudi, mama alimwita ashike jerikeni, imejaa, peke yake hawezi kuinyanyua. Akaishika upande mmoja, mama upande wa pili, wakaibeba mpaka nyumbani.