Kitufe cha Kuza

Mkuu wetu kazini tulimwita Fagio, kwa sababu kila alichokiona kwenye skrini alitaka kukifagia. Tulikuwa tunatengeneza kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, na mimi ndiye niliyepanga vitufe na menyu zake. Safari hii Fagio alitaka vitufe vya kukuza na kupunguza maandishi vitolewe juu ya ukurasa, vifichwe kwenye menyu, nyuma ya vitone vitatu.

"Ukurasa upumue, dada," alisema.

Nikaenda na mpango huo nyumbani, mama mkwe aujaribu. Macho yake yalikuwa yanakufa. Daktari alishatuambia kilichopotea hakirudi, tutunze kilichobaki. Na upande wa kushoto hakikubaki kitu. Hata hivyo kila alasiri alimsomea binti yangu hadithi kwenye kompyuta, mwenyewe. Kupakuliwa chakula alikubali, kushikwa mkono njiani alikubali. Kusomewa, hapana. "Siku nikisomewa," alizoea kusema, "jueni nimeshaondoka, mmebaki na nguo zangu."

Akaketi dirishani, pua karibu iguse kioo cha kompyuta. Nikabonyeza vitone, menyu ikashuka.

"Haya mama, bonyeza hapo, herufi ziwe kubwa."

Akanyoosha kidole, akakirudisha upesi kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Niuze nini tena, mwanangu? Cherehani si mlishaniuzia?"

"Kuuza?"

"Si imeandikwa hapa. Uza."

Binti yangu, tuliyempa jina la Kiherehere, akaangua kicheko. "Bibi anataka kutuuza!"

Na mimi nikacheka, mpaka nilipolitazama neno lenyewe. Kuza. Ile K ilikuwa imeangukia upande wake uliokufa.

Kesho yake nikamweleza Fagio. Nikamwomba vitufe viachwe nje, alama ya kujumlisha na ya kutoa, kubwa, bila maneno.

"Dada, hii ni skrini au kabati la bibi?"

"Ni ya bibi pia."

"Wenye macho mabovu wana ukurasa wao kule kwenye mipangilio."

"Wafike kule kwa macho gani?"

Wenzangu wakainamia meza zao. Fagio akakuna kidevu, akasema basi, neno tulibadilishe, tuandike "Maandishi makubwa". Lakini kilicho ndani ya menyu kitabaki ndani ya menyu. Kivinjari kikatoka hivyo. Nilishukuru kwa mdomo tu.

Niliyoiweza ni kompyuta ya nyumbani. Mwenzangu mmoja, mwandishi wa programu asiye na maneno mengi, akanisaidia kutengeneza toleo la mama peke yake: kitufe cha kujumlisha upande wa kulia, kipana kama kiganja, cha kutoa chini yake, na kile kikomo cha ukubwa nilichokiweka mwenyewe tukakiondoa.

Mama mkwe alifurahi, akasoma hata matangazo. Lakini wiki zilivyopita akazidi kubonyeza. Mstari ukawa maneno mawili matatu, kisha neno moja likajaza skrini nzima, naye akilisogeza lipishe lingine kama mtu anayesukuma gunia. Kiherehere alikaa mapajani pake akisubiri, kidole kikizifuata zile herufi kubwa kuliko uso wake.

Alasiri moja nikamkuta anabonyeza tu, hasomi. Kwenye skrini palibaki nusu ya herufi, nyeusi tii kama ukuta.

"Kitufe chako kimechoka," akaniambia.

Kitufe kilikuwa kizima.

Kiherehere ndiye aliyepeleka mkono kwenye alama ya kutoa. Akabonyeza, akabonyeza tena, ukuta ukarudi kuwa herufi, herufi zikawa maneno. Shule hata hajaanza.

"Fi-si," akasoma, shingo ameikaza. "Fi-si a-ka-go-nga..."

Nikageuza uso, nikingoja mama mkwe amshushe. Hakumshusha. Mkono wake ukaacha kioo, ukapapasa hewani, ukakipata kichwa cha mtoto.

"Polepole," akasema. "Usimeze maneno."